Msiibebeshe breki lawama za valvu

Barua za wiki hii karibu zote zinalalamikia breki ya winchi. Nianze na iliyonikera kidogo.

SWALI: Mzigo unateremka wenyewe polepole wakati leva iko katikati. Fundi anasema springi za breki zimechoka, tununue mpya. Ni kweli? (Opereta wa kreni, Tanga)

JIBU: Huenda. Lakini muulize amepima nini. Kama hajapima, anabahatisha kwa hela yenu.

Breki ya winchi ya haidroliki hufungwa na springi na kufunguliwa na oili. Ndani mna sahani zilizopangwa kwa zamu, moja ya chuma kitupu, moja yenye mkeka wa kusugua. Springi zinazibana, pistoni ikipata presha inazirudisha springi nyuma na sahani zinaachana. Oili isipokuwepo, breki inafunga, ndiyo maana injini ikizimika mzigo hubaki juu. Sasa leva ikiwa katikati na presha ikabaki kwenye laini ya breki, hata kidogo, breki hiyo imefunga nusu. Sahani zinateleza, zinaungua, halafu fundi anazikuta nyeusi na kusema zimechoka.

Fungeni geji kwenye laini ya breki, rudisheni leva katikati, msome. Mshale ushuke upesi karibu na sifuri. Usiposhuka, fuateni njia ya oili inayorudi kwenye tangi: filta iliyoziba, hozi iliyokunjika, au valvu ya leva isiyo ya mashine hiyo. Hili la mwisho nililikuta kwenye yadi moja nisiyotaka kuitaja. Valvu ya zamani ilipasuka, wakafunga nyingine waliyoitoa kwenye mashine ya kuchimba. Ilikaa vizuri, bolti zote zikaingia. Kumbe ilikuwa valvu ya silinda: leva ikiwa katikati inaziba milango yote miwili na kufungia oili ndani. Winchi ya namna ile inataka milango ifunguke kuelekea tangi, presha ya breki ipate pa kutokea. Walikuwa wameshabadilisha sahani mara mbili. Nilipofungua, sahani za chuma zilikuwa zimegeuka bluu, na oili inanuka kama klachi ya daladala iliyokwama mlimani.

Kabla hujafungua breki yako, shusha mzigo, laza ndoano chini, kisha legeza bolti za kifuniko kidogo kidogo, moja baada ya nyingine kwa mzunguko. Nyuma yake springi zimebanwa, na ukizidisha bolti moja kifuniko kitakurukia usoni.

SWALI: Nikaze skrubu ipi kwenye valvu iliyo pembeni ya mota ili mzigo ushuke taratibu? (Fundi, Mombasa)

JIBU: Hakuna. Nimeshalijibu hili mpaka nimechoka.

Valvu hiyo ndiyo inayoutawala mzigo ukishuka, si breki. Ukisukuma leva ya kushusha, presha ya upande wa kushusha inafungua breki kwanza, kisha inafungua valvu. Mzigo ukitaka kukimbia kuliko oili inavyoletwa na pampu, presha hiyo inaanguka, valvu inajibana, mzigo unatulia. Wakati wote huo breki imeshaachia. Kazi yake ni kushikilia mzigo uliokwisha kusimama. Mwendo unaupata kwenye leva na mzunguko wa injini. Ukiona mzigo unashuka kwa kushtukashtuka, angalia kiwango cha oili tangini, hewa, na uchafu kwenye kile kitundu kidogo cha laini inayoiamrisha valvu.

Na wewe unayesema "nakaza tu kidogo": zipo valvu, za kampuni ya Sun kwa mfano, ambazo ukizungusha skrubu kulia unapunguza presha iliyowekwa, na ukiendelea mzigo unaachia. Asiye na geji, kitabu cha mashine na mzigo wa majaribio asiiguse.

SWALI: Hozi ikipasuka mzigo ukiwa hewani? (Riga, yaani mfunga mizigo, Dar es Salaam)

JIBU: Hautaanguka, mradi ile valvu inayoutawala mzigo ukishuka imefungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye mota. Kuna wajuaji wanaoihamishia pembeni "ifikike kirahisi" na kuiunganisha kwa hozi. Hozi hiyo ikipasuka wakati wa kushusha, breki inaachiwa mzigo unaokimbia, kazi ambayo haikutengenezewa.

SWALI: Winchi inanyanyua vizuri kutoka chini, lakini ndoano ikikaribia juu inakata pumzi. Ngoma ina kipenyo cha milimita 400, waya milimita 20. Pampu imekufa? (Opereta, Mwanza)

JIBU: Iache pampu kwanza, piga hesabu ya ngoma. Waya wa safu ya kwanza unavuta kwa umbali wa milimita 210 kutoka katikati ya ngoma. Safu ya nne, waya ukikaa kwenye mifereji ya safu ya chini yake, ni kama milimita 262. Nguvu ya mota ni ileile, kwa hiyo winchi iliyovuta tani 5 kwenye safu ya kwanza inavuta tani 4 kwenye ya nne. Jedwali la mashine yako linayasema haya, kama bado halijatumika kufungia vitumbua.

Mwendo nao unaongezeka kwa karibu robo, kwa hiyo ndoano inafika kileleni upesi kuliko ulivyotegemea. Hapo ndipo inapohitajika ile swichi ya kikomo, inayoisimamisha ndoano kabla haijagonga kilele, yenye kizito kinachoning'inia, ambacho nusu ya kreni ninazoziona kimefungwa juu kwa waya wa kufungia nondo. Kifungueni.

SWALI: Mizunguko mingapi ya waya ibaki kwenye ngoma? (Wengi mno)

JIBU: Mitatu. Kitabu cha mashine kikisema mitano, mitano. Kabari inayoshika ncha ya waya haibebi mzigo peke yake. Hata msuguano ukiwa hafifu, wa 0.1, mizunguko mitatu inapunguza mvuto unaofika kwenye kabari hadi chini ya sehemu moja ya sita.

SWALI: Tuna kreni ya zamani ya kuachia mzigo kwa mguu. Tunaweza kupandishia mafundi kwa kikapu? (Msimamizi)

JIBU: Hapana.

SWALI: Msaidizi ametia oili ya gia kwenye chumba cha breki. Kuna ubaya? (Fundi, Kisumu)

JIBU: Upo. Dawa zilizomo za kulinda meno ya gia zinazifanya sahani ziteleze. Imwage leo, kreni isiguse mzigo, na ununue sahani mpya kwa sababu mkeka ulioinywa oili hiyo haufuliki. Dumu nalo liandikwe ubavuni kwa rangi: GIA TU.