Mtoto mwenye gundu, na makosa niliyomfanyia

Wewe unayeanza kuandika riwaya ya njozi ya watoto wa darasa la nne hadi la saba, na umeshamchagua mvulana anayeandamwa na nuksi, nisikilize kidogo. Nami nilianza na huyohuyo. Rasimu ya kwanza niliisoma kwa sauti chini ya mwarobaini, uwanjani kwenye shule moja hapa Dodoma, mbele ya darasa la tano. Mvulana anajikwaa mguu wa kushoto mlangoni, mbuzi anakula daftari lake, kandambili inakatika, ndoo inapasuka, anafika shule anakuta ni Jumamosi. Mara ya kwanza walicheka. Ya pili wakacheka zaidi. Kufika ya tano, mmoja alikuwa anachimba ardhi kwa kijiti. Binti aliyekaa mbele akauliza, "Sasa yeye anafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Kurasa 40, na mtoto wangu alikuwa akifanyiwa tu.

Nuksi imwingize matatani, sawa, msomaji atakubali hata mara kumi. Ila isigeuke bahati njema ya kumtoa. Atoke kwa kitu anachokijua mwenyewe. Sisi wa huku tunayajua makorongo: miezi mingi ni mchanga mtupu, watoto wanachezea mpira humo, kisha masika mvua inanyesha mbali vilimani, wewe hujaona hata tone, maji yanashuka kwa kishindo. Mvulana wangu korongo lilikwisha kumlia viatu, mkoba na mbuzi wawili. Basi anapofukuzwa, yeye peke yake ndiye anayeutambua ule mngurumo kabla maji hayajafika. Niliposoma hapo, kijiti kilitulia.

Kosa la pili ni la aibu. Nilimwita Shida, nikidhani ni utani mzuri. Nilipolitaja jina, darasa zima liligeuka kumtazama mwenzao wa nyuma. Akainamisha kichwa. Mtu mzima mimi, niliyekua na akina Tabu, Masumbuko na Sikujua, nilikuwa nimesahau kwamba majina hayo yana wenyewe. Baadaye alinifuata akanieleza: alizaliwa mwaka ambao mvua iligoma, na mama yake alitaka mwaka ule ukumbukwe. Jina nililibakiza, kwa ruhusa yake, nikafuta utani. Sasa mvulana anaamini jina ndilo linalomletea gundu, na bibi yake anajua lilikotoka ila hasemi. Hapo ndipo nilipopata hadithi.

Na bibi huyo, tafadhali, usimfanye mchawi. Kila anayeanza hupita njia hiyo kwa kuwa ni fupi. Nchini kwetu vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni miaka nenda rudi. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa na wanaotafuta hiyohiyo "bahati". Anayekusoma ana bibi nyumbani, na atamtazama kwa macho utakayompa wewe.

Mimi chanzo cha nuksi nilikiweka kwenye mbuyu. (Kasri na theluji nilizokuwa nazo mwanzo nilizitupa, sikuwahi kuona theluji, na ilionekana.) Mbuyu husimama bila majani sehemu kubwa ya mwaka huku umejaza maji shinani, na ile mikubwa huwa na uwazi tumboni ambamo mtu anaingia. Katika hadithi yangu, mbuyu umetunza bahati ya kijiji kama unavyotunza maji. Babu wa babu yake Shida alichota kupita fungu lake wakati wa Mtunya, ile njaa iliyoua Wagogo wengi wa huku kuanzia mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia, baada ya majeshi kukomba nafaka, ng'ombe na wapagazi. Ukoo una deni. Kwa hiyo nuksi ikapata kanuni: jema moja likimpata Shida, kabla jua halijazama analilipia.

Kanuni ukishaitunga, iandike ubandike ukutani. Sura ya tisa nilimpa samaki watatu kwenye bwawa la Hombolo, akaenda kulala salama. Yule binti wa mbele alinyoosha mkono kabla sijafungua ukurasa: "Hajalipa." Nikarudi nyumbani kuiandika upya.