Mpelelezi wa kofia na sigara nene

Kaka, yule mpelelezi wa magazeti ya zamani ya hadithi za picha unayemtafuta jina ni Lance Spearman, sina shaka. Umesema ni mpelelezi mweusi wa kofia na sigara nene, na kwamba hadithi alizokuwa nazo mzee wako pale Ngamiani, Tanga, zilikuwa picha za kupigwa, si za kuchorwa. Ukikumbuka pia kitoto msaidizi, ndiye Lemmy. Gazeti liliitwa African Film, la kampuni ya Drum, miaka ya mwisho ya 60. Jina hilo ndilo lililokupoteza: ukitafuta "filamu" intaneti inakuletea sinema tupu. Andika Spearman. Yule wa msituni unayemchanganya humo ni Fearless Fang, wa gazeti jingine kabisa. Kwa nakala, waulize wazee wa Tanga kabla ya wauza vitabu, mchwa hawasubiri.