Kufunga programu, kufunga mashine, kufunga kifurushi: je, kitenzi kimoja kinatosha?

Swali: Naandika mwongozo wa kutayarisha mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa na programu ndani ya kompyuta nyingine) kabla ya kuwapelekea watumiaji. Nimeandika: "Funga programu zote, funga mashine, kisha ifunge tayari kwa kutumwa." Mwenzangu alipofika pale pa mwanzo alifunga madirisha yote, hakuweka programu hata moja. Je, Kiswahili changu kina kosa?

Jibu: Kisarufi hakina kosa. Mafundi hufunga injini, hufunga bomba, hufunga dishi, na wote huelewana. Kasoro ni kwamba umekusanya maana tatu katika sentensi moja, na msomaji wa mwongozo hana wa kumuuliza.

Kwa programu andika "sakinisha". Kitenzi hiki hakina maana ya pili ya kumbabaisha mtu. "Funga" kiachie madirisha.

Kwa mashine andika "zima", wala si "simamisha". Mashine iliyosimamishwa bado ina kazi kwenye kumbukumbu, ilhali kifurushi cha OVA, yaani faili moja la kutumia mashine pepe ikiwa imefungashwa, hubeba diski na maelezo ya mashine tu. Hapa pia chunga kauli za kitenzi, kwa sababu zina uzito kuliko wengi wanavyodhani. "Imezimwa" ina mtendaji; "imezimika" haimtaji. Katika Windows, amri ya sysprep /generalize /oobe /shutdown huizima mashine yenyewe baada ya kuondoa utambulisho wake. Basi andika: "Subiri mashine izimike, usiizime, wala usiiwashe tena kabla ya kutoa nakala." Akiiwasha, hatua za mtumiaji mpya zitaanzia mikononi mwa mtayarishaji, naye atalazimika kurudia amri.

Kitenzi cha tatu ni "fungasha", kile kile cha mizigo. Kazi yenyewe ni ufungashaji, na kinachopatikana ni kifurushi. Usiandike "vifungashio", maana hivyo ni vitu vya kufungia, kama maboksi na mifuko. Mimi nisingetumia "hamisha" pia, kwa kuwa mashine ya asili hubaki pale pale. "Toa nakala" ndiyo kweli yake. Anayeipokea "huiingiza". Mwonye asihariri faili la .ovf lililomo ndani, lenye maelezo ya mashine, akaliacha lile la .mf bila kulirekebisha: .mf hutunza alama za uhakiki, na zisipolingana kifurushi huweza kukataliwa.

Hukuuliza kuhusu "futa", lakini katika mwongozo wa Linux ndicho kitenzi cha hatari zaidi, kwani kufuta faili na kufuta yaliyomo ni mambo mawili. Faili la /etc/machine-id, lenye namba ya utambulisho wa mashine, halifutwi; hubaki tupu, ili mfumo uandike namba mpya unapowaka mara ya kwanza. Namba ya zamani ikibaki, nakala zote zitakuwa na utambulisho mmoja, na seva ya DHCP, inayogawa anwani za mtandao, inaweza kuzipa anwani moja ya IP. Andika: "Ondoa yaliyomo, faili lenyewe libaki."

Funguo za seva za SSH (huduma ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali), yaani mafaili ya /etc/ssh/ssh_host_*, hizo futa kabisa, la sivyo mwenye nakala moja anaweza kujifanya seva ya mwingine. Ila Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, haizitengenezi upya yenyewe. Panga amri ya ssh-keygen -A itekelezwe mashine inapowaka mara ya kwanza, kabla ya huduma ya SSH kuanza, vinginevyo huduma hiyo itagoma.

Sentensi yako basi iwe: "Sakinisha programu zote, ondoa utambulisho wa mashine, izime (ikiwa ni Windows, subiri izimike), toa nakala yake, kisha uifungashe katika faili moja la OVA." Ukizungumzia mashine nyingi, "pepe" haibadiliki, wingi utauonyesha kwa viambishi: mashine pepe hii imezimwa, mashine pepe hizi zimezimwa.