Uliza Ujibiwe: Jiko la mama lishe na bomba la Chongoleani

SWALI: Habari ya kazi mhariri. Mimi ni mama lishe hapa Ngamiani, napika wali wa nazi, maharage na samaki. Kila nikifungua redio ni nishati safi, nishati safi, mara nasikia mkaa marufuku. Mkaa wa buku mbili unaniishia maharage bado yanagonga. Je watakuja kunimwagia jiko? Na huo umeme wanaotuambia tupikie si ndo utanimalizia mtaji? (Mama Lishe, Tanga)

JIBU: Salama mama yangu, pole na moshi. Lile katazo la Januari 2024 liliwahusu wanaolisha watu zaidi ya 100 kwa siku, yani mashule, magereza, makambi na kadhalika, banda dogo kama lako halimo. Ila serikali ina mkakati wa 2024 mpaka 2034, wanataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ikifika huo mwaka wa mwisho, kwa hiyo kelele za redioni utazisikia sana tu.

Sasa hesabu, maana hapo ndo penye utamu. Maharage loweka usiku, asubuhi tia kilo moja kwenye presha kuka ya umeme, ile inavuta umeme mwingi mwanzoni mpaka presha ijae, baada ya hapo inajikata yenyewe inawaka kidogo kidogo, mpaka yanaiva unakuta imekula kama nusu uniti hivi. Umeme wa biashara ndogo, T1, uniti ni Sh292 kabla ya kodi, ukiweka na makato yote nusu uniti haifiki mia mbili. Mia mbili mama, kwa buku mbili yako ya mkaa! Wa nyumbani wa D1 ndo rahisi zaidi, Sh100 kabla ya kodi mradi usivuke uniti 75 kwa mwezi, ukivuka za juu yake zinapanda mpaka Sh350, na watu wengi wanalia LUKU, yani umeme wa kulipia kabla, inaibiwa kumbe wamevuka tu.

Kinachouma ni bei ya jiko lenyewe, na pia linapika kidogo, ukiwa na wateja wengi itabidi urudie mara mbili tatu. Mi ningekuwa wewe ningeanza na maharage na mbaazi tu, vitu vinavyokaa motoni muda mrefu. Wali na chapati gesi. Samaki wa kuchoma muache kwenye vifuu vya nazi, asikudanganye mtu, hamna umeme utakaotoa ile harufu.

Umeme ukikatika je? Ndo maana nasema usitupe jiko la mkaa. Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, kwa hiyo uzalishaji sio kilio tena, ila umeme kuzalishwa Rufiji ni jambo moja na kufika kwenye soketi yako Ngamiani ni lingine, nyaya na transfoma za mtaani nazo zinataka hela.

SWALI: Kaka, gesi si inatoka Songo Songo tangu 2004, mbona mtungi bei juu? (Mdau, Bagamoyo)

JIBU: Sio gesi hiyo mdogo wangu. Ya Songo Songo inapita kwenye bomba, nyingi inakwenda kuzalisha umeme na viwandani. Ya mtungi inaletwa na meli kutoka nje, bei ya dunia ikipanda na dola ikipanda na wewe unapanda nazo.

SWALI: Wazungu wanapinga bomba la mafuta la Chongoleani, hili la kutoka Uganda mpaka hapa Tanga, wakati wao wameshachafua dunia na kutajirika. Tuwasikilize? Na petroli Tanga itashuka? (Kijana wa Chumbageni)

JIBU: Kwenye unafiki uko sahihi kabisa. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulipinga, na mwaka huohuo Ujerumani ilikuwa Senegal inaulizia gesi, halafu mwenye asilimia 62 ya bomba lenyewe ni kampuni ya Kifaransa, TotalEnergies. Sisi Tanzania kupitia TPDC, shirika letu la mafuta, tuna 15.

Lakini wao kuwa wanafiki hakulifanyi bomba liwe na faida kwako, hayo ni mambo mawili tofauti, nami naona tunayachanganya sana vijiweni. Petroli haishuki kwa sababu ya bomba: ni mafuta ghafi kutoka Uganda, kilomita 1,443, mazito yana nta mpaka bomba lipashwe moto yasigande, yakifika Chongoleani hayasafishwi, yanapakiwa melini yanaondoka. Tunachopata ni ushuru wa kupitisha, gawio na kazi. Na kazi nyingi ni za wakati wa kujenga, bomba likishafukiwa linataka watu wachache wenye ujuzi. Kama una cheti cha umeme au uchomeleaji kaza hapo, maana hata soko la sola linamtaka fundi huyohuyo.