Methani na Hewa Ukaa: Ipi Ishughulikiwe Kwanza?

SWALI: Nimesoma mara nyingi kwamba methani hupasha dunia joto kwa nguvu kubwa kuliko hewa ukaa. Kwa nini basi hewa ukaa ndiyo inayozungumzwa zaidi? Je, si afadhali tuanze kwa kupunguza methani, na hiyo nyingine isubiri?

JIBU: Ndugu msomaji, ulichosoma ni kweli, ila kimeacha jambo linaloamua hesabu yote, nalo ni muda ambao kila gesi hudumu angani.

Naitrojeni na oksijeni, ambazo kwa pamoja ni takriban asilimia 99 ya hewa kavu, haziuzuii mnururisho wa joto unaotoka ardhini. Hewa ukaa na methani huunyonya na kurudisha sehemu yake chini, jambo ambalo mwanafizikia John Tyndall alianza kulipima maabarani mwaka 1859, miaka mitatu baada ya Eunice Foote wa Marekani kuonyesha kwamba chombo chenye hewa ukaa kikiwekwa juani hupata joto kuliko chenye hewa ya kawaida. Kwa uzito ulio sawa, methani hupasha joto zaidi ya mara 80 ya hewa ukaa katika miaka 20 ya kwanza. Hesabu hiyo ikifanywa kwa miaka 100, tofauti hushuka hadi mara 28 hivi.

Hushuka kwa sababu methani huvunjwa angani. Chembe za haidroksili, zilizoundwa kwa oksijeni na hidrojeni na zinazotokea zenyewe angani, huishambulia, na baada ya miaka 12 hivi sehemu kubwa ya methani iliyotolewa leo itakuwa imegeuka kuwa mvuke wa maji na hewa ukaa. Hewa ukaa yenyewe haina kitu cha kuivunja namna hiyo. Karibu nusu ya ile tunayoitoa kila mwaka humezwa na bahari, mimea na udongo, na inayobaki hulimbikizana juu ya ile ya miaka iliyotangulia. Sehemu yake itakuwa bado angani baada ya maelfu ya miaka. Ndiyo maana vipimo vya hewa ukaa angani alivyovianzisha mwanasayansi Charles David Keeling katika mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, vikiwa karibu sehemu 315 kwa milioni, vimepanda mfululizo hadi kupita 420, ilhali kabla ya enzi ya viwanda kiwango kilikuwa takriban 280. Methani haifiki hata sehemu 2 kwa milioni, ingawa nayo imeongezeka zaidi ya maradufu tangu enzi hiyo.

Kwa hiyo, tukitoa methani kwa kiwango kilekile kila mwaka, wingi wake angani hatimaye hutulia; tukifanya hivyo kwa hewa ukaa, wingi wake huendelea kupanda.

Je, tuanze na methani? Tuanze nayo, naam, maana nafuu yake huonekana upesi, na ndiyo sababu zaidi ya nchi 100 ziliahidi mjini Glasgow mwaka 2021 kushiriki katika kuipunguza duniani kwa asilimia 30 ifikapo mwaka 2030, zikilinganisha na mwaka 2020. Methani ya wanyama wanaocheua na ya mashamba ya mpunga ni ngumu kuipunguza, kwa kuwa inagusa chakula cha watu. Lakini ile inayovuja kwenye visima na mabomba ya gesi haina utetezi wowote, kwani gesi hiyo kwa sehemu kubwa ni methani, yaani ni bidhaa ileile inayouzwa, na mbinu za kuziba mianya hiyo zinajulikana.

Nisichokubaliana nacho ni hewa ukaa kusubiri. Tukichelewa miaka kumi kupunguza methani, tutaumia katika miaka hiyo, lakini siku tutakapoipunguza wingi wake utashuka ndani ya miongo michache. Tukichelewa miaka kumi kupunguza hewa ukaa, sehemu kubwa ya nyongeza ya miaka hiyo itabaki ikipasha joto dunia ya vitukuu vyetu, hata kama sisi tutakuwa tumeshaacha kabisa kuchoma makaa ya mawe na mafuta.