Jikoni Tuulizane: Keki bila ngano, na mahindi pia hayatakiwi

Assalam aleykum dada. Mwanangu ana miaka sita, daktari ametwambia ana aleji ya ngano na ya mahindi pia, zote mbili. Nikanunua ule mchanganyiko wa keki wa pakiti unaotoka nje, umeandikwa kabisa hauna gluteni, bei yake wajua mwenyewe, nikapika ikatoka vizuri tu lakini usiku mtoto akatoka vipele akajikuna mpaka asubuhi. Sasa pakiti imenidanganya ama? Mama wa Likoni

Waaleykum salaam mamake. Pole kwa huyo mtoto. Pakiti yenyewe huenda imesema kweli, ila yale maandishi yanazungumzia gluteni peke yake, na gluteni ni protini ya ngano, shayiri na rai (si ile rai ya viungo, hii ni nafaka ya nje inayofanana na ngano). Mahindi hayana hiyo, kwa hivyo mtengenezaji akishatoa ngano anajazia wanga wa mahindi manake ni rahisi na unalainisha keki, na bado ana haki ya kuandika haina gluteni. Kipimo cha kimataifa kile cha Codex, wale wanaoweka viwango vya chakula, chataka gluteni isizidi miligramu 20 kwa kilo, basi, mahindi hayaulizwi. Na usingoje waandike kwa herufi nene kama wanavyoandika karanga au maziwa: Marekani vyakula vya aleji vinavyolazimishwa kuandikwa ni 9, Ulaya ni 14, na mahindi hayamo huku wala kule. Kwa hivyo ni wewe na zile herufi ndogo za nyuma. Ukiona wanga haukutajwa ni wa nini, au dekstrosi, au maltodekstrini, ambazo mara nyingi hutolewa kwa mahindi, rudisha rafuni. Hata zanthani, ile gundi wanayotia ili keki isibomoke, inatengenezwa na bakteria wanaolishwa sukari na mara nyingi sukari hiyo ni ya mahindi.

Sasa hata ukiiacha pakiti, angalia kabati lako. Bekingi pauda nyingi zina konflawa ndani, yaani huo huo wanga wa mahindi, ili isishike unyevu, na hapa kwetu na hili joto la pwani ndo wanahitaji kweli. Aisingi shuga hivo hivo. Kastadi ya unga usiiguse, hiyo karibu yote ni konflawa na rangi. Badala ya kijiko kimoja cha chai cha bekingi pauda tia robo kijiko cha bekingi soda na nusu kijiko cha maji ya ndimu, lakini tia mwisho kabisa na keki iingie kwa oveni saa hiyo hiyo, ukisimama kupiga stori na jirani mapovu yanaisha na keki inalala. Mimi nasema ndimu si siki, siki nyeupe zengine zatokana na mahindi. Aisingi shuga saga sukari ya kawaida kwa brenda.

Unga: vikombe viwili vya mchele kwa kimoja cha muhogo, halafu kwa kila kikombe kijiko kimoja cha chai cha isabgol, lile ganda la mbegu linalouzwa kwa duka la dawa kwa watu wa choo kigumu (usicheke, ndilo linaloshika keki), ila soma kibandiko chake, iwe ganda tupu bila sukari wala ladha za kuongezwa. Ukishachanganya na mayai na mafuta acha nusu saa kabla ya soda na ndimu, mchele unywe maji, la sivyo utatafuna mchanga. Na tafadhali usipeleke mchele wako mashine ya mtaani, ile yasaga mahindi kutwa na ukimimina mchele wako unatoka na vumbi la mwenzio aliyetangulia. Osha, anika, saga nyumbani. Unga wa muhogo wa sokoni una shida hiyo hiyo, nunua makopa usage mwenyewe.

Jengine si la jikoni: vipele hivo mwambie daktari, na siku midomo ikivimba au pumzi ikimbana msingoje asubuhi, hospitali hapo hapo. Na usijaribu "kumzoesha" mahindi kidogo kidogo, hiyo ni kazi ya daktari.

Mie mkate wa sinia wangu juu wapendeza lakini ukikata katikati wanata kama gundi. Mgeni wangu hali ngano nataka nimpikie huo. Bi Arusi Mpya, Kisauni

Mashallah umechagua vizuri, huu mkate haukuwahi kujua ngano, wenyewe ni mchele, tui, sukari, hamira na iliki, na mimi nashangaa watu wanavyohangaika kutafuta mkate wa boflo usio na ngano ambao ukipoa unakuwa kama jiwe wakati vitumbua, vibibi na mkate wa sinia viko tangu enzi za mabibi zetu. Kunata kwako naona ni tui jingi. Mchele ulioroweka usiku mzima umeshakunywa maji, kwa hivyo uchuje kabisa, vikombe viwili vya mchele tui zito kikombe kimoja tu kwanza halafu uongeze kidogo kidogo mpaka brenda izunguke, mwisho uwe mzito wa kumiminika polepole. Sukari nayo ukizidisha inanata. Ute wa yai upige mpaka utoe povu uchanganye ukishaumuka. Moto ndo watu wanakosea, wanatia mkali chini, unaungua kabla katikati haijaiva: chini moto mdogo sufuria imefunikwa, ukiona vitundu vimejaa juu ndo unaweka makaa juu ya mfuniko upate rangi. Halafu uache upoe wewe! Mkate wa mchele ukikatwa moto lazima unate hata ukiwa umeiva. Na hamira soma pakiti, zengine zimetiwa wanga.

Nauza keki za oda nyumbani, kuna mteja ana ugonjwa wa siliaki, ule wa gluteni kuumiza utumbo, anataka ya birthday. Nikiosha vyombo vizuri yatosha? Mpishi wa Mji wa Kale

Kusema kweli mimi ningekataa, au ningepika siku ambayo unga wa ngano haujafunguliwa humo ndani, manake vumbi lake linakaa hewani likitua tena juu ya meza. Sufuria na bakuli za stili zaosheka. Chekecheke hazioshiki zikaisha, mwiko wa mbao pia, na ile trei ya zamani yenye mikwaruzo, hivo vinunuliwe vipya viwe vyake peke yake. Gharama hiyo mwambie mteja kabla, watu wa siliaki wameshazoea kulipa zaidi, wasichozoea ni kuambiwa ukweli. Akitaka na aisingi ya siagi hakuna neno.

Mimi niliacha ngano mwenyewe, tumbo limetulia. Mamangu mkwe asema najidekeza. Nikapime nimuonyeshe cheti? Wa Changamwe

Wasiwasi wangu ni kwamba ukipima sasa damu yaweza kusema huna kitu na mkwe akashinda. Kipimo cha siliaki kinatafuta kingamwili ambazo mwili unatoa ukiwa unakula gluteni, ukiacha zinapungua. Mwambie daktari umeacha lini, yeye ndo ataamua kama urudie kula kwa muda kwanza. Mkwe mpikie, mwambie kwamba daktari wa Uholanzi Willem Dicke aliona vita vya pili vya dunia vilipoleta njaa kule, mwaka wa 1944 na 1945, watoto wa ugonjwa huu wakapata nafuu mkate ulipokosekana. Walijidekeza na njaa?

Dada, bhajia za dengu si hazina ngano, mbona zanichafua tumbo? Tudor

Dengu haina. Angalia hing, yaani mvuje, ile ya unga wa kopo mara nyingi imechanganywa na unga wa ngano ili imwagike vizuri, ya donge pia uliza, na ukikosa safi iache tu, tia binzari nyembamba na kitunguu thomu. Na kama wanunua za barabarani, tazama karai kwanza: mafuta yale yale asubuhi yalikaanga mahamri.