Daraja limeninyang'anya wateja

Shikamoo Shangazi. Nimekaanga sato kivukoni Kigongo miaka kumi na mmoja. Abiria walikula wakisubiri pantoni. Tangu daraja la Kigongo–Busisi juu ya Ziwa Victoria lifunguliwe Juni 2025 magari yanapita tu, beseni linarudi limejaa. Nifanyeje?
Mama lishe, Misungwi

Marahaba, mwanangu. Daraja lile la kilomita 3 lilikuwa haki ya watu wa Sengerema na Geita. Mimi mwenyewe niliwahi kukesha Busisi, ng'ambo ya Kigongo, na mgonjwa, nikilitazama ziwa. Lakini uchungu wako ni wa kweli, na anayekuambia ushangilie tu hajawahi kulisha watoto kwa beseni.

Kilichokuletea wateja ni foleni, na foleni ile hairudi. Jaribu Usagara, njia panda ya Shinyanga na Sengerema. Usihamishe mtaji wote. Anza na Jumamosi mbili. Kisha wakusanye wenzako wa kivukoni, mwone ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Na kaangia barabarani, mwanangu, harufu ifike kwenye madirisha ya mabasi.